Mikono Iliyoapa

Kabla ya kuketi niliinua mkono wa kuume, nikaapa kwa mdomo.
Kisha karani, akiona haya kidogo,
akauliza kama na mikono nayo inapaswa kuapishwa.
Walicheka. Mimi sikucheka sana.

Toledo, Ohio, mwezi wa pili. Theluji imekuwa tope la chumvi
kwenye ngazi za mahakama ya shirikisho.
Ghorofa ya tatu kuna mlango usio na kioo,
na nyuma yake jopo kuu: raia ishirini na watatu waliookotwa kwa kura,
fundi bomba, muuza maua, mwalimu wa hesabu,
bwana anayemumunya peremende kuficha sigara,
na nambari tisa, Verna Pruchnik,
aliyeshona viti vya magari miaka thelathini na mmoja
na hajasikia sauti tangu azaliwe.
Mimi ni masikio yake. Ndiyo maana nimo.

Jaji hayumo. Watu hushangaa nikiwaambia hilo,
na ni machache mno mengine ninayoweza kuwaambia.
Mwendesha mashtaka yumo, na majalada yake ya buluu.
Mwandishi yumo, vidole juu ya mashine.
Shahidi yumo, peke yake kama jino bovu;
wakili wake yuko nje kwenye benchi, koti mapajani.
Shahidi akitaka shauri huomba ruhusa, hutoka,
hunong'ona, hurudi.
Yule wa Jumanne alitoka mara tisa.
Mara ya tisa alirudi amenawa uso, kola imelowa.

Alisema nini?
Siri ya mtungi muulize kata.
Na kata, bwana, imeapa.

Saa nane mwendesha mashtaka alifunga majalada, akatoka.
Mwandishi akabeba mashine yake, akatoka.
Wakati wa kupima, sheria haimtaki yeyote
ila wanajopo, na mimi kwa ajili ya Verna.
Fundi bomba alipiga ngumi mezani; nami nikaipiga hewani.
Mwalimu alikwama katikati ya sentensi; nami nikakwama naye,
viganja wazi, vikingoja.
Halafu likaja jina.
Herufi zake zilipita vidoleni mwangu moja moja,
na mwenye jina saa hiyo pengine alikuwa dukani
akilinganisha bei ya maziwa.
Kumi na wawili wakikubali, atashtakiwa.
Wasipofika, huenda asijue kamwe kwamba alitajwa.
Nilipenda hilo. Nililiogopa pia.

Nyumbani, Mtaa wa Consaul, ni mimi na mama yangu Ilonka,
kiziwi kama Verna,
aliyenifundisha kusema kabla sijajua kutamka.
Katika nyumba yetu ugomvi ulikwisha
pale mmoja alipozima taa: hakuna aliyeweza kujibu.
Jioni ile hakuniuliza neno. Aliweka supu mezani
nikala kwa mkono mmoja, wa pili nimeukalia.

Lakini usingizi haujaapishwa.
Tangu utotoni mimi huweweseka kwa vidole.
Darasa la nne, anasema, nilifanya mtihani mzima
juu ya blanketi, na nikaukosea.
Kwa hiyo nililala na glavu za sufu.
Nilipoamka zilikuwa sakafuni, moja huku, moja kule,
na kiti cha mama, ambacho hukaa dirishani,
kilikuwa kando ya kitanda changu.

Nilimkuta akimimina kahawa. Hakugeuka upesi.
Watu husema kuta zina masikio;
za kwetu daima zilikuwa na macho.
Aliweka birika, akafuta mikono kwenye aproni,
kila kidole, kama mtu anayetaka kusema vizuri.

Ulianza kusema, akasema.
Nikazima taa.
Nikakaa hapo mpaka kitanda kikaacha kutikisika.

Kisha akaniuliza kama nataka sukari.